Kijiko cha Saa Tatu

Jumatatu, 5 Agosti

Daftari hili nimepewa niandike mahudhurio ya watoto. Mbele nitaandika majina yao kama nilivyoagizwa. Nyuma nitaandika ninachotaka mimi, maana hakuna mtu hapa kambini atakayehangaika kuligeuza.

Mimi ni Janeth, wa Iramba, Singida. Huu ni msimu wangu wa tatu kuchuma kahawa katika shamba hili, juu kabisa ya Karatu, pale mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro. Ijumaa niliteleza na debe kichwani na kifundo cha mguu kikavimba. Leo asubuhi msimamizi wetu, Wilibrodi, alinitazama ninavyochechemea, akasema, "Kwenye mistari ya kahawa hufai tena. Nenda kamsaidie Bibi Paskalina kwenye banda la watoto. Kazi yenyewe ni kukaa tu."

Haya, nikaenda kukaa.

Banda lina mabati, sakafu ya saruji na mlango mmoja. Watoto ni thelathini na wanne, mdogo ana miezi tisa, mkubwa anakaribia miaka sita. Mama zao wametoka Dodoma, Mbulu na kwetu Singida. Wanawaacha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanawachukua saa kumi jioni. Bibi Paskalina ni Mwiraqw wa Endabash, amevuka miaka sitini, na watoto wote wanamwita Ama, yaani bibi kwa lugha yake. Sifa zake nilizisikia tangu msimu wa kwanza: watoto wote wale, na ukipita nje husikii sauti.

Leo nimeona mwenyewe. Saa tatu walipanga foleni, kila mmoja akanywa kijiko cha dawa ya mafua. Saa tatu na nusu banda zima limelala.

Jumanne, 6 Agosti

Ukungu mpaka saa tano. Wamelala. Mguu unauma.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Wengine wamepumzika, sisi tumefanya kazi. Wamelala.

Jumatatu, 12 Agosti

Wiki nzima nimekuwa nikiwaangalia pua. Wenye mafua ni watatu. Kijiko wanapewa wote.

Nilimuuliza Bibi Paskalina. "Ni ya kuzuia," akasema. "Huku juu ni baridi, wewe umetoka kwenye joto."

Ni kweli kuna baridi. Lakini kuna kitu kingine ninachokiona na sijui nikiiteje. Watoto hawa wakiamka saa nane hawalii wala hawachezi. Wanakaa ukutani. Nilimviringishia mmoja chungwa, mtoto wa miaka minne. Likamgonga mguu, akalitazama, akanitazama mimi, hakulishika.

Mchana nimezungumza na baba yake Nanyokie, mmoja wa watoto hawa. Anaitwa Moloimet, Mmaasai wa Piyaya, mlinzi wa usiku pale kiwandani kahawa inapomenywa na kuanikwa, kwa hiyo mchana analala. Mke wake amebaki Piyaya na mtoto mchanga. Nanyokie anakaribia miaka mitano, na alimleta huku mwezi wa tano ili akipata nafasi ampeleke hospitali, kwa sababu hasemi.

"Hakuzaliwa hivyo," aliniambia. "Nyumbani alikuwa anasema mpaka mama yake anaziba masikio. Alisema kidogo tulipofika hapa, halafu akaacha. Nafikiri ni masikio yake."



Ijumaa, 16 Agosti

Bibi Paskalina amekwenda msibani Endabash. Aliniachia ufunguo wa kabati na maneno matatu: "Saa tatu, usisahau."

Ndani ya kabati kulikuwa na chupa kumi na mbili, na moja imefunguliwa. Niliketi kwenye gunia nikasoma maandishi ya pembeni. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne kilichofeli, lakini neno la usingizi ninalijua. Inasema dawa inaleta usingizi. Inasema mtoto chini ya miaka miwili asipewe kabisa. Wakubwa wapewe nusu kijiko, tena wakiwa wagonjwa. Sisi hapa tuna wachanga saba, na kijiko ni kijiko kizima.

Naandika hili ili nisije nikajidanganya siku za mbele. Nilisoma, nikaelewa, na ilipofika saa tatu niliwapa. Nilikuwa peke yangu, nina mguu mmoja, na watoto ni thelathini na wanne. Walipanga foleni wenyewe. Hata Nanyokie alifungua mdomo kabla sijamfikia.

Jumatatu, 19 Agosti

Bibi Paskalina alirudi jana jioni. Leo walipolala nilimwekea chupa mapajani nikamwambia kilichoandikwa.

Hakukasirika. Alikaza kifuniko cha chupa, halafu akasema, "Umeliona lile bwawa nyuma ya kiwanda?"

Naliona kila siku. Ni pale yanapokwenda maji yaliyoosha kahawa, mazito, meusi, yana utando juu kama ngozi ya maziwa. Kutoka mlangoni kwetu ni hatua kama sitini.

"Miaka sita iliyopita kulikuwa na mtoto anaitwa Jackson," akasema. "Miaka mitatu. Nilikuwa peke yangu na watoto ishirini na tisa. Nilikuwa namfunga mwingine nepi. Nepi tu, Janeth. Nilipoinuka nikahesabu, nikakosa mmoja. Nilimtoa kwa mikono hii."

"Pole, Bibi."

"Niliomba uzio. Niliomba na mtu wa pili. Wilibrodi akasema ataongea na wakubwa. Baada ya wiki akaniletea boksi la dawa. Akasema hii itakusaidia. Hakusema ni ya nini na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nataka kusaidiwa. Nikaona wanalala. Nikamshukuru Mungu, maana mtoto aliyelala haendi bwawani."

Nilimwambia sitawapa tena. Akasema, "Basi wewe uwalinde." Akaomba jambo moja: mama zao wasiambiwe. Hana shamba Endabash, alishawaachia watoto wake. Akifukuzwa kambini hana pa kwenda.

Nilikubali. Kwa upande mmoja nilimhurumia. Kwa upande mwingine nilikuwa na Ijumaa yangu ya kuficha.

Jumanne, 20 Agosti

Nimemwaga chupa zote chooni. Bibi Paskalina alinishikia mlango.

Jumatano, 21 Agosti

Sina la kuandika kwa jinsi nilivyochoka. Watatu wameng'atana.

Ijumaa, 23 Agosti

Nilidhani ukiacha kumlaza mtoto, ataanza kucheza. Si hivyo. Siku ya kwanza walilia. Ya pili walipigana. Leo wakubwa wamesimama mlangoni wakishangaa jua la saa nne kama kitu kipya. Mtoto wa miaka mitano anaulizwa, tucheze nini, hajui. Wa kwetu Iramba wa umri huo ameshajenga nyumba ya udongo, ameweka na ng'ombe wa magunzi ya mahindi zizini.

Kwa hiyo ninawafundisha kucheza, kitu ambacho sikujua kama kinafundishwa. Nimewaletea vizibo vya soda vya dukani. Nimewaletea buni zilizodondoka chini ya miti: nyekundu huku, za njano huku, za kijani huku. Nimeweka benchi kukingama mlango na ninalikalia mimi mwenyewe, mguu nimeunyoosha. Hakuna anayepita bila kunipanda. Bibi Paskalina anabeba wachanga na kuwaimbia Kiiraqw, nyimbo ambazo mwenyewe anasema hajaziimba tangu mwaka ule.

Jumanne, 27 Agosti

Neema amenigombeza. Ni Mgogo wa Dodoma, mchumaji hodari kuliko wote, na wanawake wengine wanamsikiliza. Mtoto wake mdogo, Resiato, amerudi na udongo mpaka masikioni. Jina la Resiato alipewa na mkunga wa Kimaasai aliyemzalisha Neema kambini hapahapa.

"Kwa Bibi Paskalina watoto wanarudi safi," akasema. "Tangu uingie wewe ni matope na makelele. Wewe hata hujazaa, utatufundisha nini?"

Nilimwambia maji yapo, atamwogesha. Nilijua nimemjibu vibaya. Sikujuta.

Ijumaa, 30 Agosti

Leo nimecheka mpaka nikalia.

Nanyokie ameanza kusema tangu juzi. Anasema neno moja: kule. Anasimama mbele yangu na kikombe cha uji, anasema, "Kule." Ninageuka kutazama kule. Hakuna kitu. Ninamuuliza, kule wapi? Anakasirika. Wenzake nao wakaanza kutafuta, wakatoka kuangalia nyuma ya banda wakiwa kundi zima, mimi nikiwafuata nachechemea.

Saa tisa Moloimet alikuja kumwangalia, nikamweleza. Akachuchumaa mbele ya mtoto, wakaongea kwa Kimaasai, na mtoto akaongea kwa muda mrefu bila kupumua. Moloimet alipoinuka, macho yake yalikuwa na maji.

"Kule ni maziwa," akasema. "Kwa lugha yetu maziwa ni kule. Anasema uji wenu hauna maziwa. Anasema amewaambia tangu siku ya kwanza na nyinyi mnatazama ukuta."

Akaniuliza, "Ulimpa dawa gani mpaka akafunguka?"

Nilimwambia sikumpa dawa yoyote ya kumfungua. Ni kweli tupu, na bado nilijiona mwongo.

Alhamisi, 5 Septemba

Upepo na vumbi. Maneno mapya ya Maa: enkare, maji. Watoto wa Dodoma sasa wanaomba enkare.

Jumatano, 11 Septemba

Neema amepita bila kunisalimia, lakini alisimama kidogo dirishani. Resiato alikuwa anawagawia wenzake vizibo, kila mmoja viwili. Alipokosea, akaanza upya.

Ijumaa, 13 Septemba

Wilibrodi amekuja na boksi jipya. Alisimama mlangoni, watoto wakaendelea kuimba, akangoja wanyamaze, hawakunyamaza.

"Chupa zimekwisha mapema," akasema.

"Nilizimwaga."

Akanitazama kama sikusema Kiswahili. Akamtazama Bibi Paskalina, naye akainamia nepi aliyokuwa anakunja.

"Janeth," akasema, "mimi si mtu mbaya. Meneja aliniambia wazi baada ya yule mtoto: akifa mwingine, kazi huna. Nina watoto wanne shule. Wewe unajua kuchezesha, vizuri. Je, unajua kuhesabu maiti?"

"Nunua uzio."

"Uzio haumo kwenye bajeti ya msimu."

"Hii dawa imo?"

Aliweka boksi juu ya kabati akaondoka. Nililipeleka chooni kabla ya uji.

Jumatatu, 23 Septemba

Joto limeanza. Kahawa inaiva kwa pamoja mlima mzima, wachumaji wanatoka gizagiza. Hamsini wameongezwa kutoka kijiji cha Daa. Watoto sasa arobaini na mmoja. Sisi walezi bado wawili.

Jumatano, 2 Oktoba

Leo nilihesabu nikakosa mmoja.

Ilikuwa saa nne na nusu. Mtoto wa Mbulu alitapika, mwingine akakanyaga, Bibi Paskalina akainuka kufuata maji, na mimi nikatoka kwenye benchi. Niliporudi nikahesabu vichwa, arobaini. Nikahesabu tena nikiwagusa mmoja mmoja. Arobaini. Nikaita majina. Nanyokie hakuitika.

Bibi Paskalina aliangusha ndoo. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja bwawani, mwanamke wa miaka sitini na kitu, anakimbia na kanga imemdondoka, nami nyuma yake na mguu wangu. Alipofika hakusita, aliingia. Aliingia mpaka kiunoni kwenye yale maji meusi akawa anapapasa chini kwa mikono. Nilimwita atoke, hakunisikia. Alikuwa anasema jina, na jina lenyewe halikuwa la Nanyokie. Alikuwa anamwita Jackson.

Niliingia nami. Sijui tulikaa humo muda gani. Harufu yake ninayo mpaka sasa kwenye nywele. Kila nilichoshika kilikuwa maganda.

Aliyetuita ni mwanamke wa meza za kuanikia. "Nyie wawili mnatafuta nini humo? Huyu mtoto wenu yuko huku muda wote huu."

Tulimkuta amesimama kwenye kreti iliyopinduliwa, kati ya wanawake watatu wanaochambua kahawa mbovu. Alikuwa anachambua. Zenye doa anaweka pembeni, zilizovunjika anaweka pembeni, nzima anaziacha. Fungu lake lilikuwa safi. Mwanamke aliyetuita akasema, "Huyu ana jicho kuliko mimi, na hajaniomba hata maji."

Bibi Paskalina alikaa chini palepale, maji yakimchuruzika, akamshika Nanyokie miguu.

Wilibrodi alifika mbio. Meneja alikuwa ameona kila kitu kutoka dirishani mwa ofisi. Kufikia saa saba nilikuwa sina kazi. "Chukua vitu vyako Ijumaa na gari la Karatu," Wilibrodi aliniambia, na safari hii hakusema yeye si mtu mbaya. "Kesho dawa inarudi. Nitawapa mwenyewe kama yule bibi hataki."

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilipita nje ya banda saa nne. Kimya.

Ijumaa, 4 Oktoba

Gari la Karatu limeondoka bila mimi.

Jana jioni nilikwenda bombani, saa ile wanawake wote wanapochota maji. Nilimkuta Bibi Paskalina ameketi kwenye ndoo. Nilimwambia, "Bibi, ile ahadi yangu siwezi kuishika tena." Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Nikasimama nikasema yote. Boksi, kijiko, maandishi ya pembeni, watoto wachanga. Nikasema na Ijumaa yangu, kwamba mimi pia niliwapa nikiwa nimeshasoma. Wanawake waliacha ndoo zikafurika.

"Unasema uongo," mmoja akasema. "Umefukuzwa ndiyo maana."

"Hasemi uongo," Bibi Paskalina akasema. Akasimama, akavua kanga ya kichwani, kichwa chake cheupe kikawa wazi. "Miaka sita nimewapa watoto wenu usingizi. Nilidhani nawalinda. Mkitaka kunipiga, nipigeni, siendi popote."

Hakuna aliyesogea. Halafu Neema akauliza kwa sauti ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Miaka sita?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo na Fredrick wangu."

Fredrick ni mtoto wake wa kwanza. Yuko darasa la kwanza kwa mara ya pili katika shule iliyo ng'ambo ya korongo. Kila mtu kambini anajua habari yake, kwa sababu mwalimu alimwambia Neema mbele za watu kwamba mtoto ana akili nzito, na Neema alimchapa kwa hilo. Alimchapa mara nyingi.

"Alilala hapa miaka mitatu," Neema akasema. "Usiku alikuwa macho, analia, ananinyima usingizi, namchapa. Asubuhi naambiwa mtoto wako mtulivu. Nikampeleka shule hajui hata kushika kalamu, nikamchapa. Na walimu wakamchapa."

Alikaa chini. Bibi Paskalina alimsogelea, akasimama karibu naye bila kumgusa. Nilidhani Neema atamsukuma. Hakumsukuma. Alimwuliza tu, "Uliomba uzio kweli?"

"Niliomba mara tatu."

Neema akajifuta uso kwa kiganja. "Jumatatu," akasema, "mtu asimpeleke mtoto bandani."

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo watoto arobaini na mmoja wameingia kwenye mistari ya kahawa.

Walibebwa mgongoni, walishikwa mkono, wakubwa walitembea. Nami nilikuwepo ingawa si mfanyakazi wa mtu. Unachuma na mtoto mgongoni, tawi linampiga usoni, unamtua, anakwenda, unamfuata. Kufikia saa nne ndoo nyingi zilikuwa nusu. Wakati huo kahawa yote iko nyekundu, na iliyoachwa mtini siku tatu zaidi inaanza kukauka na kuwa nyeusi. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia meneja hilo.

Wilibrodi alikuja kwanza, akapiga kelele. Wanawake waliendelea kuchuma polepole, kwa adabu. Akasema anafukuza wote. Neema akamwambia, "Sawa, baba. Utaanza na mstari upi?"

Saa sita alikuja meneja mwenyewe, Bwana Nelson, mtu wa Arusha, mrefu, anayeongea taratibu. Aliuliza nani kiongozi. Neema alinisukuma mbele, nami nikamvuta Bibi Paskalina.

"Mnataka nini?"

"Uzio kuzunguka bwawa," nilisema. "Walezi wanne. Uji wa saa nne uwe na maziwa. Na mtu asimpe mtoto dawa yoyote ambayo mama yake hajaambiwa."

"Dawa gani?"

Nikamtazama usoni. Sijui mpaka sasa kama alikuwa anajua. Wilibrodi alitazama viatu vyake. Bibi Paskalina akaeleza, bila kuongeza na bila kupunguza, mpaka alipofika kwenye habari ya Jackson. Hapo meneja alivua kofia.

"Uzio mtapata," akasema. "Uji, nitaona. Lakini huyu binti aliyepoteza mtoto Jumatano harudi. Siwezi."

Nilikuwa tayari kukubali. Nasema kweli, moyoni nilishakubali, kwa sababu uzio ulikuwa mkubwa kuliko mimi. Lakini aliyejibu alikuwa Moloimet. Alikuwa amesimama nyuma, mwanaume pekee upande wetu, na Nanyokie mabegani, badala ya kuwa amelala.

"Mtoto aliyepotea ni wangu," akasema. "Mimi ndiye mwenye kulalamika, na silalamiki. Miezi mitatu mtoto wangu alikuwa hapo bandani na hakupotea hata siku moja, lakini mimi nilikuwa nimempoteza. Huyu ndiye alimrudisha. Kama harudi yeye, nami usiku wa leo ninalala. Tembo wanaoshuka kutoka msituni mtawafukuza wenyewe."

Meneja akasema atafikiria. Neema akawaambia wenzake, "Tuendelee." Tukaendelea polepole vilevile.

Jumanne, 8 Oktoba

Watoto mistarini. Meneja bado anafikiria.

Jumatano, 9 Oktoba

Saa nne asubuhi imepita trekta imebeba nguzo na waya. Saa sita Wilibrodi alinifuata mwenyewe. Alisema narudi, na kwamba walezi watakuwa watatu, si wanne. Nikasema wanne. Akasema Janeth, usinivunje mgongo. Nikasema basi watatu mpaka mwisho wa mwezi, halafu tunazungumza tena.

Mlezi wa tatu ni Neema. Sikumwomba. Alikuja na ndoo yake ya kuchumia, akaigeuza, akaikalia mlangoni.

Ijumaa, 18 Oktoba

Uzio umekwisha. Niliusukuma kwa bega, haukutikisika. Bibi Paskalina alitembea kuuzunguka wote, halafu akaketi nje yake mpaka jua likawa kali. Tulimwacha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Wilibrodi amempitisha mlezi wa nne. Ameniambia nisiseme ni yeye aliyempitisha.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Watoto wametengeneza mto.

Alhamisi, 14 Novemba

Fredrick wa Neema anakuja kila jioni baada ya shule. Anajifanya amemfuata mdogo wake, halafu anakaa na wale wadogo na vizibo. Leo alihesabu mpaka sitini. Neema alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia mahali pamoja kwa muda mrefu.

Jumatatu, 25 Novemba

Uandikishaji wa darasa la awali. Wanaotimiza umri ni kumi na mmoja, na wazazi wao wako kazini, huu ni mzunguko wa mwisho wa kahawa, kwa hiyo nimewapeleka mimi. Tuliteremka korongo kwa kushikana mikono, matope mpaka magotini, Nanyokie mbele.

Mwalimu mkuu anaitwa Kornelio. Si mkali. Alitukaribisha barazani, akawatazama watoto, akapumua.

"Wa kambini," akasema. "Tutawaandika, ni haki yao. Ila nikwambie ukweli ili usije ukalaumu. Huwa tunawakalisha nyuma. Hawaendi na wenzao."

"Umewajuaje hawa, mwalimu? Ndiyo kwanza wamefika."

"Nina miaka tisa hapa."

"Basi wapime."

Akampa Nanyokie chaki. "Andika a." Nanyokie aliigeuza chaki, akainusa, akachora mstari sakafuni, akautazama. Akauliza kwa Kiswahili chake, "Hii inatoka kwenye jiwe?"

"Unaona," mwalimu akasema. "Herufi hajui."

"Herufi ndizo zilizomleta," nikasema. "Angekuwa anazijua, ningemleta kwako kufanya nini? Ameuliza swali. Mjibu."

Mwalimu alijikuna chini ya kofia yake. Nilidhani nimeharibu. Kisha akachuchumaa, akamwambia Nanyokie kwamba ndiyo, inatoka kwenye jiwe laini lililosagwa. Resiato akauliza nani analisaga. Mwingine akataka kujua kama linaumia. Wakamzunguka wote kumi na mmoja, wanauliza kwa lugha tatu, na mwalimu akawa anajibu, kofia imekaa upande.

Alipoinuka alisema, "Hawa watakaa popote watakapopenda."

"Watakaa mbele," nikasema. "Nitakuja Januari kuangalia."

Akafungua rejesta. Majina aliyaandika vizuri, akiniuliza herufi za yale ya Kimaasai na ya Kigogo. Mwishoni mwa kila mstari kuna nafasi ya sahihi ya mzazi au mlezi. Akaweka kalamu juu ya ukurasa.

"Wewe ni mama wa yupi?"

"Sina mtoto, mwalimu."

"Sasa wewe ni nani kwao?"

"Mlezi."

"Wa yupi?"

"Wa wote."

Nilisaini mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mstari wa tisa kalamu ikaanza kukwama. Mwalimu akasema haina neno, mbili zilizobaki nitakuja kusaini siku nyingine.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia alete kalamu nyingine, nitasubiri.